Meza ya Kwanza Ilikula Mara Tatu

Mama Mdogo Matrida ana masufuria makubwa kumi na manne, mifuniko kumi na mitatu, na boksi moja. Mfuniko wa kumi na nne ndio habari yenyewe, na nitaufikia. Ila lazima nianze na boksi, maana kwa mama mdogo kila kitu kinaanziaga kwenye boksi.

Boksi lilikuwa la sabuni. Sasa hivi linaishi chini ya kitanda nyumbani kwake, mtaa wa Nyasho pale Musoma, upande anaolala mume wake Boniphace, na ukilivuta linalia kama kabati la vijiko. Ndani kuna redio zilizokufa, tochi za Kichina zilizokufa, chaja, spika isiyo na sauti, mkeka mzima wa waya, na kitambaa cha kitenge kilichofungwa vizuri kama mtu ameficha dhahabu ya Buhemba. Kwenye kitambaa hicho kuna vidude vidogo vyeusi, kila kimoja na miguu mitatu na kibati kisogoni. Hizo ndizo regulata zake. Anazipendaga kuliko hereni.

Mwanamke huyu ni mpishi. Kuanzia Makoko mpaka Nyakato, ukisikia watu wamekula harusi au msiba wakanyamaza kwa shibe, ujue Matrida alikuwepo. Alizaliwa Majita, upande wa ziwani, kwa baba mvuvi. Alipokuwa na miaka tisa redio ya baba yake ilinyamaza katikati ya matangazo ya vifo, kabla ya kutajwa aliyekufa. Akaifungua kwa kisu cha kuparulia sato, akaona waya umechomoka, akaurudisha na kuufunga kwa uzi wa nyavu. Redio ikamalizia jina la marehemu. Baba yake alimchapa kwanza, ndipo akasikiliza.

Tangu siku hiyo hajapona. Alipoolewa alikuwa anajua kupika na kuchomelea waya, na mume aliambiwa habari za kupika tu. Ametengeneza kengele ya maharage, inayolia maji yakikaribia kuisha sufuriani. Ametengeneza taa ya choo inayowaka ukifungua mlango, ambayo siku ya kwanza ilimshtua Boniphace mpaka akasahau alichokifuata. Hakuna hata kimoja alichowahi kumuuzia mtu. Anatengeneza, kinawaka, anacheka peke yake kama mtu anayetekenywa, halafu anakibomoa atengeneze kingine.

Sasa, hivi vitu vyake vingi vinakunywa volti tano tu. Umeme wake yeye unatoka kwenye betri kuukuu ya pikipiki, volti kumi na mbili. Kabla hajaijua regulata alikuwa ameshaua vifaa saba kwa kuvinywesha kumi na mbili kavu, na kila kimoja kilikufa na harufu yake. Mimi Nyangi, mtoto wa dada yake, ndiye niliyemletea regulata ya kwanza nikitokea chuoni. Nilikuwa nasoma diploma ya umeme. Nilifika katikati, tukachokana, kila mmoja akashika njia yake. Lakini diploma ikibaki nusu si kwamba unasahau nusu uliyoisoma, kwa hiyo nikamweleza: waya wa betri unaingia mguu huu, mguu wa katikati ni wa hasi, na mguu wa tatu unatoa tano, hata betri ingekuja na kumi au kumi na nne. Alisikiliza akiwa anachambua mchele. Kisha akanieleza yeye kwa lugha ya jikoni, na mpaka leo sijasikia mwalimu aliyeeleza vizuri zaidi.

"Kwa hiyo betri ni mgeni amekuja na njaa ya watu kumi na wawili," alisema. "Huyu mlinzi mlangoni anamwambia utakula cha watano. Sasa ile njaa ya watu saba inaenda wapi?"

Nikamwambia inageuka joto.

"Hasira hiyo," akasema, akaendelea na mchele wake.

Angeikumbuka hiyo hasira mapema, yasingetokea ya Bunda.

Bunda kulikuwa na kipaimara cha mtoto wa kaka yake Boniphace, meza tisa chini ya turubai. Matrida amechoka miaka yote kuona wageni wanavamia chakula kama ng'ombe waliofunguliwa zizi. Kwa hiyo alitengeneza kibao: namba nyekundu za taa za tochi, kubwa kama sinia, na kitufe kimoja. Ukibonyeza inawaka moja, meza ya kwanza inaenda kupakua. Ukibonyeza tena inawaka mbili. MC alitangaza vizuri, namba ya meza yako ikiwaka ndipo unanyanyuka. Na watu walitii, jambo ambalo lilinishangaza, kwa sababu mtu wa kwetu akiambiwa na mtu atabisha, ila akiambiwa na taa ananyanyuka.

Ikaenda moja, mbili, tatu, nne. Kwenye nne kibao kikazima. Kabla mtu hajauliza kikawaka tena, kikasema moja.

Meza ya kwanza walikuwa wazee wa kanisa. Walitazamana, wakasema labda ndio utaratibu wa mjini, wakanyanyuka na sahani zao. Kikaenda tena mbili, tatu, nne, tano, kikazima, kikarudi moja. Safari ya tatu mzee mmoja alikuja na mfuko. Mimi wakati huo nilikuwa napeleka maji ya kunawa, MC ndiye aliyekabidhiwa kitufe, na MC alikuwa anabonyeza huku anacheza. Zamu ya watu wa meza ya tisa haikufika. Meza ya tisa walikula ukoko na mchuzi uliobaki na alama ya mwiko. Na meza ya tisa, jamani, ndiyo aliyokaa Boniphace na kaka zake wote, nyumbani kwao, mbele ya mashemeji.

Boniphace ni stoo kipa wa ghala la pamba. Ni mtu wa utaratibu, anakunja soksi. Alipofika nyumbani Musoma alivuta boksi akaliweka katikati ya sebule kama mshitakiwa.

"Mama Evance," alisema. Evance ni mtoto wao, yuko Mwanza, ana bahati. "Jubilei ya dada Sabina ni Jumamosi ya tatu kuanzia leo. Utapika wewe. Nenda na hicho kibao chako. Meza ya kwanza ikila mara mbili, Jumatatu yake boksi hili linaenda chuma chakavu, na hayo madude ya kwenye kitenge yakiwemo. Ikila mara moja, sitaligusa mpaka nife."

Mama mdogo alilitazama boksi, akanitazama mimi, akasema sawa. Akaongeza kwamba Nyangi ni shahidi. Boniphace akasema shahidi aliyeacha diploma, lakini akakubali.

Kesho yake tulikuwa kwa Hamduni, muuza spea za redio. Duka la Hamduni liko mjini, upana wake ni wa kitanda cha mtu mmoja, na yeye anakaa ndani yake amezungukwa na spea mpaka huoni pumzi inapita wapi. Ni mtu wa heshima sana, anamwita mama mdogo "Bi Matrida", na mimi ananiita Nusu Injinia. Aliwasha kibao, akasubiri, akamwambia mama mdogo aguse regulata. Akaigusa, akaurudisha mkono haraka akipuliza kidole.

Hamduni akaeleza kwa upole kwamba kidude hakijafa wala hakina ubaya. Kikizidiwa na joto kinajizima chenyewe kisiungue, kikipoa kinarudi kazini. Shida ni kwamba ile saketi ya kuhesabu, umeme ukikatika hata kwa sekunde, inasahau ilipofika na kuanza moja. Nikapiga hesabu pale pale: volti saba zinazonyimwa, mara mkondo unaopita, ni kama wati sita za joto zimekaa kwenye kitu kidogo kuliko kidole gumba. Hamduni akaitikia kwa kichwa, akasema nusu aliyosoma huyu ilikuwa ile nzuri.

Kulikuwa na dawa mbili. Hamduni alikuwa na kifaa cha kisasa cha kushusha volti ambacho hakipati joto kabisa. Mama mdogo alikikataa. Alisema kitu kisichopata joto utajuaje kama kinafanya kazi. Dawa ya pili ilikuwa kufunga regulata kwenye kipande cha aluminiamu ili joto lisambae. Hamduni akatoa kimoja chenye meno meno, kikubwa kama kiberiti.

"Hiki kinapoza nini?" mama mdogo aliuliza. "Chai ya mtoto mchanga?"

"Ndicho kikubwa nilichonacho, Bi Matrida. Labda upate bati pana la aluminiamu."

Nilimuona anavyotulia. Nilijua ameshafika nyumbani kimawazo, yuko stoo, anagonga sufuria moja moja.

Ndio hapo mfuniko wa kumi na nne ulipohama kabila. Ni wa lile sufuria kubwa kuliko yote, la wali wa watu mia, mpana kama gurudumu. Alitoboa tundu ukingoni, akapaka dawa nyeupe ya kupitisha joto aliyoinunua kwa Hamduni, kama anapaka siagi kwenye mkate, akaifunga regulata kwa skrubu, kibati kikalala kwenye mfuniko. Tukawasha kibao kuanzia chakula cha mchana. Mpaka inaadhiniwa alasiri mfuniko ulikuwa vuguvugu tu, kama paji la mtoto aliyelala. Kibao kilienda moja mpaka kumi na mbili mara ishirini bila kukonyeza. Mama mdogo alicheka hadi akakaa chini. Boniphace alipita, akatazama sufuria lisilo na mfuniko, akauliza wali utafunikwa na nini. Akaambiwa sinia. Akasema haya.

Basi tukaenda Butiama. Dada Sabina na mumewe walikuwa wanatimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa, meza kumi na mbili, maturubai mawili, na jua limetoka kama limealikwa. Boniphace alichagua meza ya kumi na mbili, ya mwisho kabisa. Alisema amekaa pale makusudi. Alivaa na miwani.

Safari hii kitufe nilikishika mimi. Mama mdogo akafikiria na jua: mfuniko ukikaa juani utapata joto kabla ya kazi. Kwa hiyo alivuta waya mrefu kutoka kwenye kibao, ukapita nyuma ya turubai, mpaka kivulini kwenye banda la jikoni, akaulaza mfuniko juu ya ndoo iliyopinduliwa. Pazuri, penye hewa. Jikoni alikuwepo Dorotea wa Makoko, ambaye amepika naye miaka ishirini na hajawahi kuunguza punje. Dorotea alikuwa anamalizia sufuria la pili la wali, lile kubwa.

Ukishajua hilo, umeshajua kilichotokea. Mimi sikujua, nilikuwa nabonyeza.

Moja, ikala. Mbili, ikala. Watu wanakwenda kwa mstari kama wanapokea komunyo. Mama mdogo yuko kwenye meza ya kupakulia na mwiko, kila namba ikibadilika anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Tatu, nne, tano. MC anasifia, anasema Butiama mmeendelea. Sita. Saba. Watu wa meza ya saba wako kwenye mstari, sahani mkononi, kibao kikazima.

Nilibonyeza, giza. Niligeuka kumtazama mama mdogo. Yeye hakunitazama mimi, aliutazama waya. Aliufuata kwa macho toka kwenye kibao, chini ya turubai, kuvuka majani, kuingia jikoni, na pale ambapo ungetakiwa ushuke kwenye ndoo, ulikuwa unapanda. Umepanda juu ya sufuria la pili. Juu ya sufuria kuna mfuniko, na juu ya mfuniko kuna makaa ya moto, yamepangwa vizuri katikati.

Dorotea alikuwa amepalia wali.

Usimlaumu. Wali usipopaliwa unaiva chini, juu unabaki unakutazama. Alikuwa amewekewa sinia, sinia linavujisha mvuke, na hatua mbili pembeni anaona mfuniko wenyewe wa sufuria lile lile umelala kwenye ndoo, haufanyi kazi yoyote. Nani angeuacha? Ile regulata aliiona, akadhani ni kile kidude cha kutolea mvuke kama cha presha kuka, akayaweka makaa mbali nayo kwa adabu. Adabu hiyo ndiyo iliyotuokoa.

Mama mdogo hakukimbia, maana mpishi akikimbia wageni wanadhani kuna kitu kimeanguka kwenye mchuzi. Alitembea kwa haraka ya heshima. Nilisikia yote, jikoni si mbali.

"Dorotea, umepalia nini?"

"Si wali."

"Umepalia umeme wangu."

Dorotea alitazama mfuniko, akatazama waya, akafikiri. "Basi nao umeiva," alisema.

Mama mdogo alifunga kanga mikononi, akamwaga makaa, akaunyanyua mfuniko. Sasa aupeleke wapi? Ungekaa kwenye hewa ungechukua nusu saa kupoa. Karibu na banda kulikuwa na pipa la soda lililojaa barafu na maji. Waya ukawa mfupi hatua moja, kwa hiyo badala ya mfuniko kufuata pipa, pipa lilivutwa na vijana wawili kuufuata mfuniko, soda zinagongana kama kwaya inajaribu sauti. Akaulaza juu ya barafu, upande wenye regulata ukitazama juu. Ukatoa mlio kama paka aliyekanyagwa.

Halafu akanitazama. Akainua mkono mmoja vidole vitano, mwingine vidole vitatu. Nane. Nilielewa mara moja, na nikaelewa pia kilichokuwa kinakuja: regulata ikirudi, kibao kitawaka moja. Meza ya kwanza wakinyanyuka na sahani, boksi limekwenda. Kule meza ya kumi na mbili Boniphace alikuwa amevua miwani, ameifuta, amevaa tena.

Niliweka kidole kwenye kitufe.

Kibao kikawaka. Moja.

Kwenye meza ya kwanza alikaa Mzee Mugeta, mjomba wa bwana jubilei, mtu mrefu. Niliona mikono yake inashika ukingo wa meza. Niliona magoti yanaanza safari. Mimi tayari nabonyeza, mbili tatu nne, kidole kinakimbia kuliko nilivyowahi kukimbilia mtihani wowote, tano sita, Mzee Mugeta amefika nusu, ameshikilia sahani, saba, nane. Nikaachia. Nane ikatulia, nyekundu, imara. Mzee Mugeta alibaki ameinama kati ya kukaa na kusimama, akaisoma namba taratibu, akakaa.

MC alidhani ni pambo. Akasema tazameni taa zinavyocheza, mama zangu vigelegele viko wapi, na vigelegele vikapigwa, na meza ya nane ikanyanyuka inacheza. Mama mdogo alirudi kwenye nafasi yake kupakua, mabega yanatetemeka, nikajua anacheka ila anaficha kwenye mvuke. Tisa. Kumi. Kumi na moja. Kila mara naangalia pipa, na kila anayekuja kuchukua soda anauambia mfuniko samahani, anainua ukingo, anachukua, anarudisha.

Kumi na mbili.

Kaka zake Boniphace walienda kwenye mstari. Yeye hakupanga mstari. Alikuja moja kwa moja na sahani tupu mpaka kwa mke wake, akasimama mbele ya wali.

"Mama Evance, iliwaka moja. Nimeiona."

"Iliwaka," mama mdogo alikubali.

"Na Mzee Mugeta alinyanyuka nusu."

"Nusu. Alikula?"

Boniphace aligeuka akatazama meza ya kwanza kama anahesabu magunia. Mzee Mugeta alikuwa anachokonoa meno, sahani yake kavu tangu saa saba. Uso wa Boniphace ulipambana na mdomo wake kidogo, mdomo ukashinda, akacheka, kwanza kwa pua, halafu tumbo zima, mpaka sahani ikamchezacheza mkononi.

"Hakula," alisema. "Basi nipakulie. Ule wa sufuria la pili. Na ukoko niwekee mbali kabisa."

Wali wa sufuria la pili, nakuapia, ulikuwa mtamu kuliko wa kwanza. Dorotea anasema ni kwa sababu ya mfuniko halisi. Tangu siku ile amepaka msalaba wa rangi nyekundu kwenye ule wa umeme, na anapoupita anaupa nafasi kama anapita mbwa asiyemjua.

Jumatatu asubuhi nilikuwepo Nyasho alipokuja Benson wa chuma chakavu na toroli lake na mizani. Boniphace, mtu wa utaratibu, alikuwa ameshampigia simu kabla ya jubilei, na kwenye furaha akasahau kumwambia asije. Sasa anaona aibu kumrudisha mtu wa watu mikono mitupu. Akazunguka nyuma ya nyumba, akarudi anaburuta dishi lake la zamani, lile alilokuwa anatazamia mpira, limevunjika shingo lina miaka sita limelalia ukuta. Akamwambia Benson achukue hilo.

Mama mdogo alitoka ndani na unga mikononi. Alilipita toroli, akainama, akaligonga dishi kwa kifundo cha kidole. Akasikiliza. Akaligonga tena upande wa pili.

"Hili halitoki," alisema. "Ni aluminiamu."

Benson alipewa kikombe cha uji na andazi, akaondoka na toroli tupu, ameshiba lakini haelewi. Boniphace alibaki amesimama juu ya dishi lake, mikono kiunoni. Lilikuwa pana kuliko mfuniko mara tatu.

"Sasa hili, Mama Evance, litapoza kitu gani kikubwa hivyo?"

Mama mdogo alikuwa ameshaliviringisha mpaka mlangoni, anapima kama litapita kwenda chini ya kitanda.

"Bado sijakitengeneza," alisema. "Shika upande huo."